Ndoana Ipi kwa Samaki Yupi?

Sisi tukaao kando ya Ziwa Viktoria twajulikana kwa nyavu na mitumbwi. Mtu akitaja uvuvi wa ufito na chelezo, wengi hucheka, husema kwamba huo ni mchezo wa watoto wa shule. Ni kweli kwamba wavuvi wake wengi ni watoto. Lakini kitoweo cha nyumba nyingi za kijiji chetu hutoka katika mikono ya watoto hao, wasimamao jioni juu ya majabali wakikiangalia kibua cha funjo kikielea majini. Basi tumeona yafaa kuandika kidogo juu ya jambo ambalo wachache hulitazama katika kazi hiyo, nalo ni ukubwa wa ndoana.

Neno hili lilianza kwa malalamiko. Mwaka jana wazee walituita sisi walimu, wakaweka mbele yetu mtungo wa sato wadogo, kila mmoja kama kidole cha mtu mzima. Mzee mmoja akauliza, “Je, walimu, hawa wangaliachwa mwaka mmoja wangalikuwaje?” Hatukuwa na la kujibu, maana swali lilijibika lenyewe. Wakataka tuwanyang’anye wanafunzi fito zao.

Shauri hilo halikutupendeza. Mmoja wa watoto wale hana baba. Akaa na bibi yake na wadogo zake wawili, na siku asiyovua, ugali huliwa na chumvi. Kumnyang’anya ufito mtoto kama huyo ni kufunika chungu cha bibi yake. Tukawaomba wazee watupe nafasi kwanza tuzitazame hizo ndoana.

Tulizikuta ni za namba 16 na namba 18, zilizonunuliwa katika kiduka cha sokoni kwa sababu ni za bei ndogo. Hapa yatupasa tueleze hesabu yake, kwani huwakanganya hata watu wazima. Ndoana huhesabiwa kinyume. Namba ikizidi, ndoana hupungua; namba 16 ni ndogo kuliko namba 8, na namba 8 ni ndogo kuliko namba 2. Ukifika namba 1, hesabu hugeuka, huandikwa 1/0, kisha 2/0, kisha 3/0, na hapo ndoana huzidi kukua pamoja na namba. (Wanafunzi wetu wa darasa la tatu walifurahi sana kusikia kwamba pana mahali ambapo 16 ni ndogo kuliko 8, na walitaka tuwape alama kwa hesabu zao za zamani.) Tena watengenezaji hawakupatana kipimo kimoja, namba 8 ya huyu yaweza kuwa pana kuliko namba 8 ya yule. Kwa hiyo namba ni ya kuanzia tu. Jicho ndilo limalizalo.

Sasa jicho litazame nini? Wengi hutazama samaki kwanza. Sisi twaona ni afadhali kuanza na chambo. Nyungunyungu akitungwa katika ndoana iliyo nyembamba kuliko yeye, huijaza nafasi yote kati ya uti na ncha, na ncha hufichika nyamani. Samaki hukivuta, chelezo huzama, mtoto huvuta ufito, wala hapana kitu, kwa sababu ncha haikupata pa kushika. Ndoana ikiwa kubwa mno, nyungunyungu huning’inia kama uzi juu ya kigingi, na samaki humla kando kando pasipo kuigusa. Chambo kikae vema, na ncha ibaki huru. Hicho ndicho kipimo. Kwa nyungunyungu wa kawaida wa shambani, namba 8 au namba 10 hufaa. Kwa donge la ugali lililo kama punje ya hindi, namba 10.

Ndipo tukumbuke kinywa. Sato, hata akiwa mkubwa wa kujaza sinia, kinywa chake si kipana; ndoana ya 2/0 imfaayo kambare itamshinda. Kambare kinywa chake ni kama mfuko, naye humeza chambo kwa pupa. Kwake namba 8 ni kitu cha kunyooshwa. Furu wadogo, wale wa kokoto na majabali, ndio wastahilio namba 16. Basi yaonekana kwamba watoto wetu walikuwa wakivua sato kwa ndoana za furu.

Labda msomaji atauliza: ikiwa sato mkubwa aweza kunaswa hata kwa ndoana ndogo, kosa liko wapi? Liko katika chambo tena. Ndoana ndogo hutaka chambo kidogo, na chambo kidogo huingia katika kinywa chochote. Na kwa kuwa wadogo ni wengi na wana haraka, hao hufika kwanza. Chambo kinene juu ya namba 8 hakimzuii mdogo kabisa, lakini mara nyingi hudonoa tu, chelezo kikatetemeka bila kuzama, akaenda zake. Ubaya wa pili ni huu, kwamba ndoana ndogo humezwa mpaka kooni. Hata mtoto mwenye huruma akitaka kumrudisha samaki, amekwisha kumpasua mashavu, naye amrudisha mzoga. Afadhali aukate mshipi karibu na kinywa na kumwacha aende. Na yule mwiba mdogo ulioelekea nyuma katika ncha ya ndoana waweza kubanwa kwa koleo ukalala. Hapo ndoana hutoka kwa urahisi, ila mvuvi asiulegeze mshipi anapovuta.

Huyu sato si mwenyeji wa kale wa ziwa letu. Aliletwa katika miaka ya 1950, na ngege wa asili amekuwa adimu sana katika ziwa kuu, akabaki zaidi katika maziwa madogo ya kando. Nao ni wa jamaa moja, na tabia yao moja ni ya ajabu: mama huyachukua mayai kinywani mwake, na watoto wakianguliwa huwahifadhi humo humo. Siku hizo hula kidogo sana au hali kabisa. Kwa hiyo mama mwenye mzigo huo ni nadra kukigusa chambo, hali wavu humkumba pamoja na uzao wake. Jambo hili tuliwaeleza wazee, na twadhani lilifaa kuliko maneno yetu mengine yote.

Tena mvuvi wa ufito hana haja ya kuingia majini. Kokoro, ambalo sheria ya Tanzania imelikataza, huvutwa na watu waliosimama majini mpaka kiunoni, na kichocho hupatikana hivyo, maana vidudu vyake hutoka katika konokono vikapenya ngozi ya mtu. Mtoto juu ya jabali yu mkavu.

Basi tulinunua mjini ndoana chache za namba 8. Ndoana ya kweli hujaribiwa kwa kuikaza ncha yake katika ubao na kuivuta polepole: ikikunjuka ni laini, ikikatika chuma chake kimekaushwa mno, ile inayopinda kidogo na kurudi ndiyo ya kununua. Tulimpa yule mtoto mbili.

Wiki ya kwanza haikuwa njema. Jioni mbili alirudi mikono mitupu, na bibi yake akatuletea salamu, akiuliza kama mwalimu atoaye ndoana kubwa ana kitoweo pia. Tulipokwenda kutazama tuliona kwamba chelezo chake kilikuwa kimefungwa karibu na ndoana, kama walivyozoea kwa samaki wadogo wa maji mafupi, nacho chambo kiliogelea juu, mbali na sato wakubwa. Akakisogeza juu ya mshipi mpaka chambo kikakaribia chini, akaongeza kipande cha risasi ili kukizamisha, na chelezo kikabadilishwa, kwa sababu ndoana nzito na risasi hukilemea kile chepesi. Jumamosi hiyo alipata sato mmoja aliyetosha watu wanne. Siku hizi yuko asubuhi apatapo mmoja tu, na asubuhi apatapo watatu, na nyingine asiyopata kitu; twasema hivyo ili mtu asidhani kwamba namba 8 ni dawa. Zile namba 16 hakuzitupa. Amezitia katika kibiriti kitupu, huzivulia furu, na furu huwa chambo cha kambare usiku.

Yule mzee wa mtungo hajatuambia neno lo lote. Ila juzi alimtuma mjukuu wake aje kuuliza namba 8 huuzwa wapi. Tulimwambia ni mjini, kisha tukampa moja aichukue mkononi, aipime na hizo za dukani, asiiamini karatasi.