Debe la Mjomba

Jioni moja ya Novemba mpangaji mwenzangu aligonga mlango wa chumba changu, kompyuta ikiwa wazi mkononi. "Wewe unasoma kilimo," alisema. "Nisaidie kuchagua vyungu na taa. Nataka kuotesha bangi."

Tunaishi Leipzig. Nchini Ujerumani, tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima anaruhusiwa kuotesha nyumbani hadi miche mitatu kwa matumizi yake mwenyewe, mradi aiweke mahali ambapo watoto hawaifikii. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za pilipili hoho. Mimi, kabla ya kumjibu, niliufunga mlango. Sijui nilikuwa nikimficha nani. Katika nyumba ile tuko wawili tu.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikamatwa mwaka 2016 nikiwa kidato cha tatu. Nyuma ya jiko, kando ya banda la kuku, palikuwa na debe lililoliwa na kutu, na ndani yake miche minne. Hakuna aliyelichagua debe lile, ndilo lililokuwepo. Waliokuja kumchukua waling'oa miche, wakabeba na debe liwe kielelezo. Sheria mpya ya dawa za kulevya ilikuwa imepitishwa mwaka uliotangulia, na kijijini watu walitaja namba moja tu: miaka 30. Mjomba alikaa mahabusu miezi 14, kisha kesi ikafutwa. Aliporudi alikuta shamba limekuwa pori na mkewe amerudi kwao. Tangu siku hiyo jambo hilo halitajwi nyumbani, hata kwa utani.

Nikakaa na mwenzangu, tukaanza na vyungu. Alitaka vya lita 25, akidhani chungu kikubwa hukuza mche haraka. Nikamweleza kwamba udongo ambao mizizi bado haijaufikia hubaki na maji, hewa hukosekana, na mizizi huoza. Aanze na vikopo vya nusu lita, kama sisi tunavyoanza na viriba kitaluni, kisha ahamishie kwenye lita 11. Plastiki ni rahisi na husafishika, lakini bila matundu chini ni bwawa. Chungu cha udongo wa kuchoma hupumua, ila ni kizito na huvunjika. Mfuko wa kitambaa hupumua pande zote: ncha ya mzizi ikifika ukingoni hukutana na hewa, hukauka, na mzizi hutoa matawi mapya kwa ndani badala ya kuzunguka chungu kama kamba. Ubaya wake ni kwamba hukauka upesi, kwa hiyo mtu lazima awe karibu na maji.

Akachagua mifuko ya kitambaa. Nikawaza kwamba kutu ya debe la mjomba ilikuwa imefanya kazi hiyohiyo bure: matundu chini, matundu ubavuni.

Taa ilituchukua muda mrefu zaidi. Nyingine zimeandikwa wati 1000 kwa herufi kubwa, lakini ukisoma maandishi madogo unakuta zinakula umeme wa wati 100. Nilimwambia aangalie namba hiyo ndogo. Kwa hema lake la sentimita 60 kwa 60, taa ya LED inayokula wati 100 kweli inatosha. Ining'inizwe juu na ipunguzwe mwanga wakati miche ni midogo. Mche ukirefuka na kuwa mwembamba, unatafuta mwanga. Majani ya juu yakijikunja na kupauka, taa iko karibu mno. Mwanzoni taa iwake saa 18 kwa siku, yaani uniti 1.8. Kwa bei tunayolipa, senti 36 kwa uniti, hiyo ni kama senti 65 kila siku.

"Kisha unashusha hadi saa 12 za mwanga na 12 za giza," nikamwambia, "ndipo itoe maua."

"Kwa nini 12?"

Usiku ukirefuka, mmea huo huhisi msimu unakwisha, nikajibu. Lakini akili yangu ilikuwa imeshafika nyumbani. Kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, hata saa zetu tunazihesabu kuanzia jua linapochomoza. Mwenzangu alikuwa ananunua taa, swichi ya saa na umeme ili apate siku moja ya kijijini kwetu.

Krismasi alikwenda kwa wazazi wake, akaniachia kazi ya kumwagilia. Nilikuwa nimefungua hema mjomba alipopiga simu ya video.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Baridi inasemaje huko?"

Tukazungumza habari za theluji, mahindi, mguu wa bibi. Kisha akauliza, "Na huo mwanga nyuma yako?"

"Mchicha," nikasema. "Mwenzangu anaotesha mchicha ndani."

Akasogeza uso karibu na simu. "Mchicha wenye majani kama vidole."

Nilikosa la kusema. Miaka minane nilikuwa nikimngoja yeye aanze.

"Huku ni halali, mjomba. Miche mitatu."

"Mitatu," akarudia. Nikasikia kuku nyuma yake. "Mimi nilikuwa na minne."

Nilidhani atakata simu. Badala yake akauliza tumeipanda kwenye nini. Nikageuza simu nikamwonyesha mfuko mmoja.

"Kitambaa," akasema. "Vizuri. Usiumwagilie kwa kutazama juu, juu hudanganya. Uinue kwa mkono. Ukiwa mwepesi, ndipo utie maji."

Nikaweka simu juu ya kiti, nikauinua. Ulikuwa bado mzito.