Nilifundwa Shauri Moyo

Niliteremka gari la moshi Nairobi Januari 1980, miaka 17, kutoka Majengo ya Mombasa, na barua ya mjomba mfukoni. Nilikuwa nimeifungua njiani. Ilikuwa na salamu ndefu, kisha maneno matatu ya haja: mpokee, mlishe, mfunde.

Hilo la mwisho lilinitia haya. Kwetu anayefundwa ni mwari. Somo yake humkalisha ndani kabla ya arusi akampa siri za unyumba, za usafi, za kuishi na watu. Mvulana hufundishwa: chuoni, skulini, kwenye mpira. Nikadhani mjomba kaandika kwa haraka, nikaikunja barua na kuitoa kwa aliyeandikiwa bila kumtazama usoni.

Aliyeandikiwa alikuwa mzee mfupi mwenye mabega mapana, mfua bati wa Shauri Moyo, mtu wa pwani kama sisi aliyefika Nairobi kabla ya uhuru. Katika miaka 11 niliyokaa naye sikumsikia mtu akimwita kwa jina lake, na mimi silitaji hapa. Alikuwa Fundi. Mkewe alimwita Fundi. Askari wa kanjo, wale wa jiji, waliokuja kututimua walimwita Fundi kabla ya kuanza kuvipiga teke vitu vyetu.

Aliyepita mtaa ule zamani hizo atakumbuka mlio wake kwanza. Nyundo mia kwa pamoja, kutoka Shauri Moyo mpaka Kamukunji na Gikomba, tangu alfajiri hadi jua linapozama, na watu wakisemezana katikati ya mlio huo kwa sauti ya kawaida kana kwamba wamekaa msikitini. Kazi yetu ilianzia kwenye mapipa ya mafuta yaliyokwisha kazi. Unalikata pipa kwa tindo na nyundo, unatoa kifuniko na kitako, unalipasua ubavuni, unalifunua, kisha unalilaza juu ya kipande cha reli na kulinyoosha. Miezi 5 ya mwanzo sikufanya kingine ila kunyoosha. Fundi hakunieleza. Alikaa akinipa mgongo, akikunja midomo ya ndoo, na kila nilipodhani nimemaliza alisema bila kugeuka, "Bado." Nilimwona mchawi. Siku moja nikafumba macho nikasikiliza, ndipo nikajua: bati lenye tumbo hulia kama debe tupu, bati lililonyooka hulia kavu na fupi. Nilipopiga la mwisho hakusema "bado." Aliniletea chai.

Hapo nikaanza kuielewa barua ya mjomba.

Mjini kila mtu alikuwa fundi. Mwashi ni fundi, mshona suruali ni fundi, kadhalika anayetengeneza redio, saa na baiskeli. Fundi wangu hakuwapinga, lakini yeye mwenyewe alilitumia neno hilo kwa uchache. Palikuwa na kijana upande wa pili wa njia, hodari wa kuchomelea kuliko wote niliowajua, mwenye vidole vinavyofikiri. Aligeuza injini ya mashine ya kukatia nyasi ikawa ya kunolea visu. Watu walijaa kumtazama. Fundi naye alimsifu, tena kwa moyo, lakini alimwita mtundu. Nikamuuliza kwa nini asimwite fundi. Akasema, "Nyuma yake pana nani?"

Nimelitafuna jibu hilo miaka 40 sasa. Mtundu ni neno zuri katika Kiswahili, na nasikitika tunavyolipunguza. Mama humwita mtundu mtoto aliyefungua saa ya ukutani aone kinacholia ndani, na ndani ya karipio lake mna fahari. Utundu ndio mwanzo wa kila kilichobuniwa. Lakini neno fundi lina shina moja na kufunda, kufunza, mafunzo, mwanafunzi. Kamusi sanifu ya Johnson ya 1939 inaieleza maana hii waziwazi: fundi ni mjuzi wa sanaa au kazi yoyote ambaye kwa ujuzi huo aweza kuwafunza wengine. Kumfunza mwingine kumo ndani ya neno lenyewe. Mzee wangu hakuwahi kuishika kamusi hiyo, na alilijua neno kwa ukamilifu wake.

Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Sisi tuliona magari tu. Lakini baada yake watu walianza kuja mtaani na habari za jiko. Jiko letu la bati lilikuwa la zamani, la kuta tupu, na lilikula makaa bila huruma: joto linatoka ubavuni, linaukausha mguu wa mpishi, sufuria inapata kilichobaki. Wageni walitaka jiko lenye udongo wa kuchoma ndani yake, kama yale ya ndoo yanayotumika Thailand. Mkenya mmoja, Maxwell Kinyanjui, ndiye anayetajwa zaidi katika kuunda jiko lile hapa nchini, na anastahili kutajwa.

Yale ya kwanza yaliyotufikia yalikuwa mapipa madogo yaliyonyooka, yenye udongo kutoka juu hadi chini. Mazito, na udongo ulipasuka. Ukipata moto hutanuka, na bati nalo hutanuka kwa mwendo wake, na vitu viwili vinavyopanuka kwa mwendo tofauti ndani ya nguo moja vitagombana tu. Ndipo likaja umbo lenye kiuno: juu pana, katikati pamebanwa, chini pana tena. Udongo unakaa sehemu ya juu peke yake, umeegemea kiuno, umeshikwa kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi ya kuzuia joto. Chini ni bati tupu, pa majivu na hewa. Leo kila mtu Afrika Mashariki analijua umbo hilo asijue kwamba liliwahi kuwa jipya.

Kazi ikawa namna ya kulikata. Bati ni kitu bapa. Kiuno ni mviringo unaopungua. Wale wageni wa mradi wa majiko walituletea mchoro wa jiko likiwa wima, likitazamwa ubavuni, na vipimo vyake. Kwa siku mbili mtaa mzima ulikata kwa kukisia. Vipande vilipindana, midomo haikukutana, bati lilipotea, na bati lilikuwa pesa.

Siku ya tatu, mwaka 1983 au 1984, nilimwona Fundi akifagia uwanja mbele ya banda. Alichukua kipande cha kaa akachora chini nusu ya juu ya jiko kwa ukubwa wake halisi: mstari wa mdomo, mstari wa kiuno, na mbavu mbili zinazoinama. Kisha akachukua uzi. Akaulaza juu ya ubavu wa kushoto akauvuta kuendelea chini, kupita kiuno, kupita mwisho wa mchoro. Akafanya hivyo na wa kulia. Nyuzi mbili zikakutana mahali mchangani pasipo na jiko lolote. Hapo akapigilia msumari. Akafunga uzi kwenye msumari, akaupima mpaka kiunoni akazungusha kaa, ukapatikana upinde mdogo. Akaupima mpaka mdomoni akazungusha tena, ukapatikana upinde mkubwa. Akachukua kamba, akaizungusha kwenye mdomo wa chungu cha udongo cha kukaa ndani ya jiko, akaikata, akailaza juu ya upinde mkubwa. Ilipoishia kamba, ndipo lilipoishia bati. Akaongeza upana wa kidole kwa ajili ya mkunjo, na pembeni akachora kijipengo cha pembe tatu kuonyesha pa kuanzia kukunja.

Tulikata, tukakunja. Midomo ikakutana kama midomo ya mtu.

Mhandisi kijana wa mradi alikuwa amesimama nyuma yetu. Alichutama akayaangalia yale maduara, akatoa kalamu, akafanya hesabu kwenye daftari lake, akanyamaza. Halafu akauliza kwa adabu kubwa, "Mzee, hii ulisomea wapi?"

Fundi akajibu, "Sikusoma. Nilifundwa."

Alikuwa amefundwa Lamu, kwenye matanga na majahazi, na mjomba wake aliyekata vitambaa bapa vikabeba upepo. Siku hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia neno lile bila haya. Anayefundwa hapewi habari tu. Hupewa kitu cha kuishi nacho, na pamoja nacho wajibu wa kukitoa.

Na alikitoa. Kipimo kile alikihamishia kwenye bati gumu akakitundika nje ya banda kwa msumari, na yeyote aliyetaka alikuja kukichora upya. Mimi nilikasirika. Nilikuwa na miaka 21 na nilitaka tuuze peke yetu walau mwaka mmoja. Kabla mwezi haujaisha jirani alikuwa akiuza majiko ya kiuno kwa bei ya chini, kwa bati jembamba, bila saruji, udongo umetumbukizwa tu ndani ukicheza kama jino bovu. Wateja waliyarudisha kwetu wakidhani ni yetu. Nikamwendea Fundi na malalamiko yangu yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Kesho yake akamwita kijana wa jirani yule, akamketisha pale nilipokaa mimi, akamwonyesha namna ya kuchanganya saruji. Alifanya hivyo wiki nzima, bila malipo, mbele ya macho yangu.

Palikuwa na jeraha moja alilolibeba. Alikwenda ofisi fulani kuandikisha kazi yake ili apate mkopo. Karani akamuuliza cheti. Hana. Shule? Chuo cha Kurani. Basi pale palipoandikwa kazi, karani akaandika kibarua. Fundi hakujua kusoma herufi za Kizungu, mimi ndiye niliyemsomea karatasi ile tukiwa Landhies Road tukingoja basi. Aliikunja mara nne. Hakurudi tena ofisi ile wala kuuomba mkopo huo. Nimewasikia tangu hapo watu wa Tanzania wakigawa kazi kwa majina mazuri, fundi mchundo, fundi sanifu, kila mmoja na daraja lake la cheti, na nafurahi kwamba neno limeingia serikalini. Lakini sijaona fomu yenye nafasi ya kuandika nani alikufunda na umewafunda wangapi.

Mwaka 1985 Rais Moi alikuja Kamukunji akaona watu wakifanya kazi juani, akaahidi mabanda, na mabanda yakajengwa. Jina la jua kali, tuliloitana wenyewe, likapanda hadi magazetini; baadaye pakawa hata na wizara ya kuliangalia. Fundi alikipenda kivuli cha lile paa. Jina hakulipenda sana. Alisema jua si kazi yake, jua ni la kila mtu.

Katikati ya miaka ya 1990 majiko yale yalihesabiwa nchini zaidi ya 700,000, na yalikuwa yamevuka mipaka hadi Uganda, Tanzania, Rwanda na kwingineko. Mzee wangu alikuwa ameshafariki. Alifariki 1991, na mwaka huo nikarudi Mombasa na nyundo zake mbili na kile kipimo cha bati.

Mwaka 2009 nilikwenda Kisumu kwenye msiba. Nikiwa Kibuye nikingoja gari nikasikia mlio wa nyundo, nikaufuata, ungekuwa wewe ungefanya nini. Kijana wa miaka 20 hivi alikuwa akikata bati la jiko. Kipimo chake kimelala juu ya bati, anakizungushia msumari wa kuchorea. Nikasogea. Pembeni palikuwa na kijipengo cha pembe tatu.

Nikamuuliza kile cha nini. Akakiangalia kana kwamba hajawahi kukiona. Akasema hajui, fundi wake alikuwa nacho hivyo, na fundi wa fundi wake vilevile, mzee wa Nakuru. Yeye hukikata kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa.

Niliweka begi chini, nikamwomba anisogezee lile bati, nikamwonyesha mkunjo unaanzia wapi.