Hewa Nayo Ni Kitu: Tuwafundishe Watoto



Sisi tuliovuka mpaka wa Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008, tukakaa Mulanda wilayani Tororo kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo, tunazijua siku za mvua ndani ya hema. Watoto wanatetemeka, na wazo la kwanza ni kuingiza jiko la makaa ndani, kufunga turubai na kulala. Wazo hilo huua. Ndiyo maana tunawafundisha watoto habari za gesi, tena kwa vitu vya jikoni tu.

Tunaanza na chupa tupu. Kumbe si tupu! Izamishe kichwa chini kwenye beseni la maji, kisha iinamishe polepole. Mapovu yanatoka. Basi hewa ni kitu, na inachukua nafasi. Katika sehemu 100 za hewa, karibu 78 ni nitrojeni na 21 ni oksijeni, ile tunayoihitaji ili tuishi.

Pili, weka vijiko viwili vya magadi, yale ya kulainisha maharagwe, ndani ya jagi, ukamulie ndimu. Yanatoa povu bila moto. Gesi hiyo ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa. Inamisha jagi juu ya mshumaa unaowaka, bila kumwaga maji, na mshumaa utazimika. Kiberiti ashike mtu mzima.

Hapo watoto wanauliza, "Mbona hatujaona kitu kikimwagika?" Sasa tunawaeleza habari ya jiko. Makaa yakiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi nyingine, kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Ikiingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani ni malaria. Akilala, huenda asiamke. Makaa yaliyoiva vizuri, yasiyo na moshi, ndiyo yanatudanganya zaidi.

Mtu akionyesha dalili hizo karibu na jiko, mtoeni nje upesi apate hewa safi, kisha mpelekeni kituo cha afya.

Mtoto aliyeona mshumaa ukizimika hahitaji kupigiwa kelele. Mwenyewe atasema, "Mama, jiko litoke nje." Tukiambiwa hivyo tusione tumekosewa heshima. Tulitoe.