Waya Mmoja, Wateja Wawili
Kabla simu za mkononi hazijatuletea intaneti kambini Dzaleka, nilisafiri zaidi ya kilomita 40 hadi Lilongwe kutuma maombi ya masomo ya mwanafunzi wangu. Modemu iliandikwa kilobiti 56 kwa sekunde. Haikufika hata 30. Niliilaumu kompyuta, kumbe kosa lilikuwa nguzoni. Waya mmoja wa shaba ulikuwa umegawiwa wateja wawili, kwa kifaa kigeuzacho mawimbi kuwa tarakimu, kisha mawimbi tena. Kasi ya 56 huvumilia mgeuzo mmoja tu, ule wa kituo cha simu. Ukizidi, modemu haivuki 33.6. Na mwenye ofisi alilipia laini nzima! Nawe uliza unalipia nini. Fomu ilifika nusu saa baada ya maombi kufungwa.