Hamsini, Themanini, Sitini

Kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, hadi Chalinze, barabara kuu ya kwenda bara imekuwa mtaa mmoja mrefu. Kibaha haijaisha, Mlandizi imeanza, na kila unapotupa jicho kuna mtu ukingoni anasubiri kuvuka: mwanafunzi na begi lake, mama na ndoo kichwani, muuza matikiti anayekimbilia dirisha la basi. Vibao vinasema 50. Nilikuwa nimeomba kiti cha mbele makusudi, kwa sababu safari hii nilitaka kujua jambo moja: dereva wa basi hupunguza mwendo kwa sababu gani hasa?

Jibu la kwanza lilikuja kabla ya Ruvu. Lori lililokuwa linatoka bara lilitupigia taa mara mbili. Dereva wetu akaachia mafuta, mshale ukashuka kutoka themanini hadi hamsini, tukapita taratibu mbele ya trafiki wawili waliovaa nyeupe, mmoja ameshika tochi ya kupimia mwendo. Tulipokata kona, mshale ukarudi ulikotoka. Pale waliposimama trafiki hapakuwa na nyumba hata moja. Nyumba zilikuwa mbele zaidi, na shule, na pale tulipita tukiwa na haraka zetu.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya mwaka 1973, na kwa mabasi na malori inaeleweka bila shida: 50 kwenye makazi, 80 kwingineko. Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000. Tangu 2017 mabasi ya masafa marefu yamekuwa yakifungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, VTS, ambacho hupeleka taarifa kwa mdhibiti wa usafiri wa ardhini, leo LATRA. Kwa hiyo dereva ana macho mawili juu yake. Moja ni la setelaiti, linaona themanini ikivukwa popote inapovukwa. La pili ni la tochi, nalo linaona pale tu lilipoelekezwa. Katika basi letu kifaa kilipiga kelele mara chache, na kila kilipolia dereva alirudi chini ya themanini bila kusemeshwa na mtu. Hamsini ya vijijini aliiheshimu pale tu alipopigiwa taa.

Tuliposimama stendi ya Msamvu nilimfuata dereva. Ni mtu wa makamo, mpole wa maneno, na alinieleza bila kujitetea. Asubuhi foleni ya kutoka mjini inakula muda. Mizani ya Vigwaza inakula muda, ya Mikese nayo inakula muda. Ratiba haisogei. Tajiri anapiga simu, abiria wanapiga kelele. "Mzee wangu," akaniambia, "dakika zilizopotea kwenye foleni utazitafuta wapi? Kwenye mizani huwezi kuzitafuta. Unazitafuta barabarani." Halafu akalalamikia vibao: kijiji kinaisha, kibao cha kufuta hamsini hakipo, kimeng'olewa au hakikuwekwa kabisa, na mtu anajikuta anatambaa kilometa nzima porini huku tochi inamsubiri kwenye kichaka. Picha ikishapigwa, inarushwa kwa simu hadi kwa trafiki aliye mbele, na yeye ndiye anayekusimamisha. Malalamiko hayo nimeyasikia kutoka kwa madereva wa kila aina, wenye magari yao wenyewe pia, na yana haki ndani yake. Kibao kisicho na sababu machoni pa dereva kinamfundisha kutoviamini vibao vyote, hata kile cha shule.

Baada ya Doma unaingia Hifadhi ya Mikumi. Barabara inakatiza ndani yake kilometa hamsini hivi, na hapo palinishangaza kuliko pote. Kuna matuta. Kuna vibao vyenye picha za wanyama, na faini ya kila mmoja imeandikwa kwa dola: ukigonga huyu ni kiasi hiki, ukigonga yule ni kiasi kile. Dereva alitulia kabisa. Abiria walitulia pia, wakasogea madirishani kutafuta tembo, wala hakuna aliyelalamika kwamba tunachelewa. Tulipotoka upande wa pili na kuanza kupita vijiji vya bonde la Ruaha, mwendo ukapanda tena, na watu walewale waliofurahia kwenda polepole kwa ajili ya swala wakaanza kuangalia saa. Siwalaumu wahifadhi, wamefanya kazi yao vizuri. Ila nilijiuliza ni nani aliyekaa upande wa watoto wa Ruaha Mbuyuni wakati taratibu za barabara hii zinapangwa.

Mjadala ulilipuka kabla ya kupanda Kitonga. Kijana mmoja nyuma yangu alisema hivi vikomo ni vya magari ya zamani, gari za sasa zina breki za kisasa, na Ujerumani hakuna kikomo kabisa. Hoja hii ya Ujerumani husafiri sana katika mabasi yetu, kwa hiyo inastahili kujibiwa. Barabara za Autobahn hazina kikomo cha jumla, ni kweli. Tangu 1978 kuna mwendo unaoshauriwa tu, kilometa 130 kwa saa. Lakini baadhi ya sehemu za barabara hizo zina vikomo vyake, na mtu anayetembea kwa miguu, baiskeli na mbuzi haviruhusiwi kuingia. Hakuna anayeuza vitunguu ukingoni. Nje ya barabara hizo, Mjerumani huyohuyo ana 100 kwenye barabara ya kawaida na 50 mjini. Kwa maneno mengine, penye watu Ujerumani ina hamsini kama sisi. Barabara yetu ya Iringa inafanya kazi mbili kwa pamoja, ni njia kuu ya kimataifa na ni uchochoro wa kijiji, na kuilinganisha na Autobahn ni kumsahau anayeishi kando yake.

Nikachukua kalamu nikapiga hesabu. Kijiji chenye urefu wa kilometa moja, ukikipita kwa themanini, unatumia sekunde 45. Ukikipita kwa hamsini, unatumia sekunde 72. Tofauti ni sekunde 27. Vijiji thelathini vya namna hiyo havifiki robo saa. Hiyo ndiyo mali tunayoigombania. Upande wa pili wa mizani, Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu anayegongwa na sehemu ya mbele ya gari inaongezeka mara 4.5 mwendo unapotoka 50 kwenda 65. Nilimsomea kijana hesabu ya sekunde. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi waondoe mizani za mabasi." Hakukosea sana.

Baada ya barabara ya Iringa nilikwenda Kenya, nikiwa na picha ya Michuki kichwani. John Michuki, Waziri wa Uchukuzi, alitangaza kanuni mwaka 2003, zikaanza kufanya kazi Februari 2004: kila matatu iwe na kidhibiti mwendo kisichovuka 80, mikanda kwenye viti vyote, mstari wa manjano ubavuni. Wenye matatu waligoma, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na waziri hakurudi nyuma. Wakenya wa rika langu bado wanaikumbuka miezi ile kama wakati ambao nchi ilionja utaratibu. Haukudumu. Vidhibiti vikaanza kuchezewa, vingine vikabaki pambo. Niliyojifunza hapo ni kwamba chombo kinachofungwa ndani ya gari la mtu, chini ya ulinzi wa mtu yuleyule anayenufaika kikizimwa, hakiwezi kumlinda mwingine kwa muda mrefu.

Lakini Kenya ilinipa jambo ambalo sikulikuta kwingine. Watafiti wawili, James Habyarimana na William Jack, walibandika ndani ya matatu stika zinazowahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha vibaya. Stika tu, na bahati nasibu ndogo ya kuwashawishi madereva wasizibandue. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2011, madai ya bima ya magari yenye stika yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Kazi hiyo baadaye ikapanuliwa kwa jina la Zusha!, na punguzo la mara hiyo lilikuwa dogo zaidi, robo hadi theluthi, lakini lilikuwepo.

Niliiona sauti hiyo ya abiria ikifanya kazi bila stika yoyote, kati ya Voi na Mtito Andei. Dereva alikuwa amejiunga nyuma ya msururu wa malori, anachungulia, anatoka, anarudi. Mama mmoja aliyempakata mtoto akapaza sauti: "Dere, punguza! Tuko na watoto hapa." Makanga alitaka kumjibu. Mzee aliyekaa mlangoni akamkata, "Mwache aseme, hata mimi naona hivyo," na mara basi zima likawa linasema. Dereva akakaa nyuma ya malori mpaka njia ilipofunguka. Nililifurahia tukio lile kuliko operesheni zote za polisi nilizowahi kuziona, kwa sababu waliozungumza ni wenye roho zao. Usiku, hata hivyo, abiria wamelala. Na mara nyingine abiria ndio wanaopiga kelele mwendo uongezwe. Wala yule anayevuka barabara pale Emali na rundo la kuni hana kiti ndani ya basi; sauti ya abiria inamfikia kwa bahati tu.

Baada ya Kenya nilielekea Rwanda. Rusumo, mpakani, niliingia kwa gari la kukodi kutoka Benaco, nikavuka daraja la mto Kagera kwa miguu. Upande wa Rwanda magari yanashika kulia, na kikomo cha gari la abiria ni 60. Si 60 ya vijijini. Ni 60 ya safari nzima, imefungwa kwenye injini, na utaratibu huo ulianza kusimamiwa mwaka 2016. Basi dogo lilipanda vilima vya Kirehe, likapita Kibungo na Kayonza, na saa nzima ya kwanza nilihisi kwamba kuna hitilafu. Hakuna aliyetupigia taa. Dereva hakuchungulia vichaka. Alikuwa anatazama barabara na watu wake: wanawake na majembe, wavulana wanaosukuma baiskeli zilizobeba ndizi. Kilometa mia moja kwa themanini ni dakika 75. Kwa sitini ni dakika 100. Dakika hizo 25 ni nyingi kwa mtu aliyechoka, nami nilikuwa nimechoka. Hata hivyo hakuna aliyemwambia dereva akanyage, kwa kuwa wote walijua gari haliwezi.

Na kuna Sofia. Ndivyo Wanyarwanda wanavyoiita kamera ya barabarani. Sofia anakupiga picha, na faini inakuja kwa ujumbe wa simu. Dada niliyekaa naye alisema anamheshimu Sofia na anamchukia. Kamera nyingine zilikuwa zimewekwa mahali pasipoonekana, nyingine zikikamata watu kwa 40, na mtu aliweza kufika nyumbani akakuta faini zaidi ya moja za siku hiyohiyo. Malalamiko yalikua mpaka mwishoni mwa 2021 Rais Kagame mwenyewe akayazungumzia hadharani, akataka vikomo viwekwe kwa kipimo, na polisi wakavirekebisha. Naliona hilo kuwa somo kubwa kuliko kamera zenyewe. Mashine haibembelezwi, haichoki, haimjui mtoto wa fulani. Ila ikiwekewa namba mbaya itaonea watu kwa uaminifu uleule inaotumia kuwalinda, kwa hiyo namba lazima iwe na mahali pa kubishaniwa. Anayeweka kamera aweke kwanza kibao kinachosomeka, na aeleze kwa nini ni 40 hapa na 60 pale.

Wakati wa kurudi, pale mpakani nikisubiri gari, nilikaa kwenye benchi la mama ntilie na dereva wa lori wa Kitanzania anayepiga safari za Dar na Kigali. Nilimwona kuwa ndiye shahidi bora wa safari yangu yote: mtu mmoja, lori moja, barabara mbili. Nilimuuliza kama mguu wake unabadilika akivuka daraja. "Unabadilika wenyewe," akasema. "Kule siwezi kuongea na kamera. Nikirudi huku, macho yangu yanatafuta taa za mwenzangu anayekuja." Nikamuuliza kama angekubali kamera kutoka Rusumo hadi Kibaha, kila kijiji. Alimaliza wali wake kwanza. Akasema angekubali, kwa masharti. Vibao viwekwe sawasawa, kwa kuanza na kwa kumaliza. Foleni za mizani zipungue. Na tajiri naye apigwe faini, si dereva peke yake, kwa sababu ratiba anaipanga tajiri na simu anapiga tajiri.

Nakubaliana naye kwa yote, na sharti la mwisho ndilo ningelitanguliza. Taarifa tayari tunazo. VTS inajua basi lilikuwa wapi dakika gani na lilikuwa linakwenda kasi gani, na LATRA imewahi kuyasimamisha mabasi yaliyokichezea kifaa hicho. Chombo kinachoweza kuona themanini ikivukwa porini kinaweza kuambiwa Doma inaanzia wapi na Ruaha Mbuyuni inaishia wapi, kisha kuhesabu hamsini humo ndani. Serikali ya kijiji ipewe hesabu hiyo kila mwezi, kampuni kwa kampuni, ibandikwe ofisini kwa mtendaji ambako kila mzazi anaweza kuisoma, na leseni ya njia isihuishwe kabla mwenye basi hajaitwa kuijibu.