Wasindikizaji Hurudi Usiku

Mwenyeji wa Kericho au Bomet anayeishi ng'ambo na kuja nyumbani kwa likizo hulazimika kuchagua mara mbili usafiri wa kumfikisha uwanja wa ndege, kwanza anapotoka katika nyumba yake ya kupanga huko Minneapolis au Dallas, kisha anapotoka katika boma la wazazi wake huko Litein, Sotik au Longisa, na ingawa safari zote mbili huishia mbele ya mizani ya mizigo, kanuni zinazomsaidia kuamua upande mmoja hazimfai upande wa pili. Hoja ya makala haya ni kwamba safari ya pili hukadiriwa vibaya na kila anayehusika, msafiri akihesabu saa na fedha zake mwenyewe, jamaa zake wakihesabu heshima ya ukoo, huku gharama iliyo kubwa kuliko zote, yaani safari ya usiku ya wale waliomsindikiza, ikiachwa nje ya hesabu.

Ng'ambo uamuzi huo ni mwepesi na haustahili maneno mengi. Treni ya mjini ya Minneapolis imekuwa ikifika uwanja wa ndege tangu 2004, ya Dallas tangu 2014, na ile ya chini ya ardhi ya London imefika Heathrow tangu 1977, hivyo mwenye begi moja hana la kuwaza. Mwenye mabegi mawili ya kilo 23, ambaye ndiye msafiri wa kawaida wa kwenda nyumbani kwa kuwa nusu ya mizigo yake ni ya watu, hupima baina ya teksi na gari lake mwenyewe, akikumbuka kwamba ada ya kuegesha gari uwanjani hutozwa kwa siku na kwamba likizo ya mwezi mmoja huikuza hadi ikaipita nauli ya teksi ya kwenda na kurudi. Kumwomba rafiki lifti kunawezekana, lakini huenda rafiki huyo anatoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na usingizi wake ukikatizwa hilo huwa deni ambalo sharti lilipwe siku moja. Mwishowe wengi huondoka peke yao, wala hakuna anayeliona jambo hilo kuwa la huzuni.

Ikumbukwe pia kwamba uwezo wa kuchagua si wa wote. Mwanamke wa Kericho au Bomet anayekwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani husafiri kwa mpango wa wakala, na akishafika huko huwa chini ya kafala, yaani utaratibu unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini. Mageuzi ya Machi 2021, yaliyowaruhusu wafanyakazi wengi wa kigeni kutoka nchini humo bila idhini ya mwajiri, hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Tarehe ya likizo, tiketi, hata gari la kumfikisha uwanjani, aghalabu huwa mikononi mwa wengine. Mjadala unaofuata, kwa hiyo, ni wa wale waliojaliwa kuwa na nafasi ya kuchagua.

Ugumu wa safari ya pili huanza na jiografia. Mji wa Kericho uko takribani kilomita 260 kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, na njia yake hupita Londiani na Mau Summit, ambako barabara ya Kericho hukutana na ile itokayo Eldoret, kisha Nakuru, Naivasha na Limuru. Aliyeko Bomet hushika njia nyingine kabisa ya kupitia Narok na Mai Mahiu. Reli haisaidii. Njia ya zamani iliyofika ziwani mwaka 1901 bado inapita Londiani, Kipkelion na Fort Ternan, na treni ya abiria ya Nairobi na Kisumu ilifufuliwa Desemba 2021, lakini ni mwendo wa polepole usioweza kukabidhiwa tiketi ya ndege, na reli mpya ya kisasa iliishia Naivasha mwaka 2019. Kiwanja kidogo cha Kerenga, kilicho katikati ya mashamba ya chai nje kidogo ya mji wa Kericho, ni cha ndege ndogo. Linalobaki ni lami, na juu ya lami hiyo msafiri huchagua baina ya matatu ya viti 14, gari la jamaa, ambalo mara nyingi ni Probox, na basi dogo la kukodi linalobeba ukoo mzima.

Basi la kukodi ndilo linalopendwa, na sababu zake zina historia. Tangu wanafunzi wa kwanza walipopelekwa Marekani kwa mpango wa Tom Mboya, ulioanza mwaka 1959, nauli na matumizi ya mwanafunzi yamekuwa mara nyingi yakitafutwa kwa harambee, yaani mchango wa hadhara, na aliyetoa mbuzi au shilingi mia mbili ana haki ya kuona kwa macho yake kwamba mchango wake umepanda ndege. Isitoshe, jamii za Kikalenjin zimeufanya uwanja wa ndege kuwa mahali pa ibada ya heshima: mwanariadha anayerudi na medali hupokewa hapo kwa mursik, yaani maziwa ya mgando yaliyohifadhiwa katika kibuyu kilichopakwa mkaa wa miti maalumu, na familia ambayo haina bingwa wa mbio huona kwamba mtoto wao naye anastahili umati wake, ijapokuwa anachoenda kushindana nacho ni kodi ya nyumba. Zamani umati huo ulikuwa na pa kusimama, kwani uwanja uliofunguliwa Embakasi mwaka 1958 ulikuwa na sehemu ya kupungia mkono, ambako watu waliitazama ndege hadi ikapotea. Leo abiria hushushwa garini kwenye kizuizi cha usalama kabla ya kufika majengo, wakapita kwa miguu penye mashine ya ukaguzi huku dereva akipita na gari peke yake, na mlangoni mwa jengo la kuondokea asiye na tiketi haingii. Watu 14 waliosafiri saa sita huagana naye ukingoni mwa barabara, kwa dakika chache, mbele ya askari anayewahimiza wasogeze gari.

Kutoka hapo ndipo hatari huanza, nayo ni hatari ambayo msafiri haioni. Ndege nyingi za Ulaya, pamoja na ile ya Kenya Airways inayokwenda New York moja kwa moja tangu Oktoba 2018, huondoka Nairobi usiku, kwa hiyo wasindikizaji humwacha kati ya saa mbili na saa tatu za usiku, wakala chochote njiani, kisha wakaanza kupanda kurudi Limuru na dereva aliyeamka alfajiri. Msafiri anapoletewa chakula juu ya anga la Ethiopia, mama yake yuko mahali fulani baina ya Gilgil na Salgaa, nyuma ya lori, katika ukungu. Kericho haihitaji kuelezwa maana ya barabara hiyo. Tarehe 10 Oktoba 2018, kabla ya mapambazuko, basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda magharibi lilipinduka Fort Ternan na kuua watu zaidi ya 50. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, likavamia magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, na waliokufa walizidi 50 tena. Ajali hizo hazikuwa za wasindikizaji, lakini ya pili ilitokea katika barabara ileile wanayoipita, na ile ya kwanza ilitokea saa zilezile wanazorudi.

Kuna gharama nyingine iliyo ndogo, ambayo mtu aliyezoea mshahara wa saa huisahau upesi. Chai huchumwa kwa mzunguko wa siku chache, na jani lililokomaa kupita kiasi hukataliwa kwenye kituo cha kununulia, hivi kwamba mkulima mdogo anayeacha shamba lake siku mbili kwenda Nairobi na kurudi hupoteza sehemu ya mchumo. Likizo ya Desemba huificha hasara hiyo kwa sababu bonasi, yaani malipo ya pili ambayo wakulima wa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, hupata kila mwaka, kwa kawaida hulipwa kufikia Oktoba, na mwaka wa bonasi nzuri ukoo huweza kukodi gari bila kumwomba mgeni hata senti. Anayekuja Agosti hukuta mifuko mikavu. Hapo basi hulikodi yeye mwenyewe, akanunua na mafuta, akawalisha abiria wake Naivasha, na kwa jumla akatumia fedha ambazo zingemnunulia tiketi ya ndege ya ndani na chenji ikabaki.

Tiketi hiyo ya ndani, kwa aliyeko Kericho, ndiyo chaguo ambalo makala haya yanaliona kuwa la busara, ingawa lina masharti yake. Kisumu iko takribani kilomita 80 kutoka Kericho, njia ni ya kuteremka hadi uwanda wa miwa, na ndege ya kwenda Nairobi huchukua chini ya saa moja. Wasindikizaji hurudi nyumbani kabla ya giza. Sharti la kwanza ni kwamba safari ya Kisumu na ile ya ng'ambo ziwe katika tiketi moja, kwa sababu tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali humwacha abiria bila utetezi ndege ya kwanza ikichelewa, na pia kiwango cha mizigo cha ndani huwa kidogo, hata mabegi yake mawili yenye unga wa wimbi na majani ya chai yakatozwa fedha za ziada. Sharti la pili ni gumu zaidi, nalo ni kumshawishi mzee ambaye kwake Kisumu si mahali pa kuagia mtu anayekwenda Marekani. Mzee huyo hakosei kabisa, kwani njia fupi huokoa saa, na saa zinazookolewa ni zilezile ambazo baba na mwanawe wangekaa bega kwa bega garini na kuzungumza yale ambayo wiki tatu za wageni na karamu hazikuyapa nafasi.

Wa Bomet hana Kisumu ya karibu kiasi hicho, na njia yake ya Narok, ijapokuwa inaepuka msongamano wa Nakuru, ina tabia ya kukatika: Machi 2018 ardhi ilipasuka karibu na Suswa na kuivunja barabara, na Aprili 2024 mafuriko yaliisomba sehemu ya Mai Mahiu pamoja na watu wake. Kwake lililo jema ni kupanda matatu ya asubuhi siku moja kabla, akiandamana na mtu mmoja au wawili, kuagana na wengine nyumbani baada ya sala, na kulala Nairobi kwa ndugu, ili ndege ya kesho yake isiamue mwendo wa dereva wa leo.

Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, yenye urefu wa takribani kilomita 175, ulizinduliwa mwishoni mwa 2025 baada ya mkataba wa awali na kampuni za Ufaransa, uliotiwa saini 2020, kuvunjwa, na serikali imesema wanaoitumia watalipa ada, kama wanavyolipa katika barabara ya juu ya Nairobi iliyofunguliwa 2022. Msafiri ataigharimia ada hiyo mara moja kwa likizo, lakini gari la wasindikizaji litailipa likienda na kuilipa tena likirudi, na huenda hapo koo nyingi zikapunguza msafara kutoka magari matatu hadi moja bila mtu yeyote kulazimika kumwambia mzee abaki nyumbani.