Picha Zisizo na Majina

Anayetaka kuiona Unguja ya karne ya 19 kwa macho, si kwa kuisoma tu, hana budi kuvifungua vitabu vya wageni. Charles Guillain, nahodha wa Kifaransa aliyezuru mwambao huu katika miaka ya 1846 hadi 1848, alichapisha Paris vitabu vitatu vilivyoandamana na albamu kubwa ya picha. Magazeti ya London nayo yakachapa michoro ya mji na majahazi. Khalafu zikaja kadi za posta.

Hazina hii ni kubwa, lakini haisemi yenyewe. Mchongaji wa gazeti aghlabu hakupata kuiona bahari yetu. Alifuata mchoro wa msafiri, na palipopungua akajaza kwa dhana. Kadi nayo iliweza kuuzwa miaka mingi baada ya picha kupigwa, hivyo muhuri wa posta si umri wa picha. Shahidi mwaminifu zaidi ni majengo. Mnara wa taa ukionekana mzima, umesimama peke yake mbele ya majumba ya Sultani, picha hiyo ni ya kabla ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Mnara wa saa ukiwa umeshikamana na Beit al-Ajaib, picha ni ya baadaye.

Majengo, basi, yana majina na tarehe. Watu hawana. Chini ya sura zao huandikwa kabila au kazi: mchukuzi, mpagazi, mwanamke wa Kiswahili. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, hakupotea kwa kuwa alishika kalamu, na kumbukumbu zake zikachapishwa Ujerumani mwaka 1886. Wajakazi waliomhudumia hawakuipata kalamu hiyo.

Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, picha za kale zilipata thamani mpya, maana nguzo iliyoanguka huweza kusimamishwa tena kwa kuitazama picha yake. Jina la mtu halijengwi hivyo. Lina makaazi mamoja tu, nayo ni vifua vya wazee.

Picha za miaka ya 1950 bado wapo bibi na babu wanaoweza kuzitazama wakasema: huyu ni fulani bin fulani, wa mtaa fulani. Nakala zake na zipelekwe barazani kabla ya kufungiwa makabatini, na kalamu ya risasi iandike nyuma yake yale yatakayosemwa. Baraza hizo zinapungua watu kila mwaka.